Nairobi Ilivyoacha Kuwa Mji wa Suluhu

Mnamo Februari 2025, kundi la RSF linalopigana na jeshi la Sudan lilipewa ukumbi wa KICC, katikati ya jiji la Nairobi, likutane na washirika wake. Siku chache baadaye, wakiwa bado hapa jijini, walitia saini hati ya kuunda serikali yao, sambamba na ile ya mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Wiki sita kabla ya mkutano huo, Marekani ilikuwa imetangaza kwamba RSF na makundi yaliyo upande wake yalitenda mauaji ya kimbari Darfur. Tarehe 24 Januari, hata mwezi haujatimia, droni ilikuwa imeipiga Hospitali ya Saudi mjini El Fasher, mji uliozingirwa na RSF, ikaua watu wapatao 70, wagonjwa pamoja na ndugu waliokuwa wakiwauguza.

Mkutano ule haukuangukia Nairobi kwa bahati mbaya. Ulikuwa hatua ya mwisho ya mteremko wa miaka mingi, ambao umeitoa Kenya kwenye kiti cha mpatanishi ikaingia vitani yenyewe, ikafumbia macho mali ya vita, na mwisho ikampa jukwaa mmoja wa wapiganaji. Wanaolipia mteremko huo ni raia wasio na bunduki, wa Sudan na wa hapa kwetu.

Tuanze na tulikotoka. Tarehe 9 Januari 2005, katika Uwanja wa Nyayo, John Garang wa waasi wa kusini na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum walitia saini mkataba uliomaliza vita vya Sudan vilivyoanza mwaka 1983 na kuua watu wapatao milioni mbili. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, kwa niaba ya jumuiya ya kanda ya IGAD, alikuwa amewasimamia kwa miaka kadhaa, Machakos mwaka 2002 kisha Naivasha. Wakati huohuo, Balozi Bethuel Kiplagat alikuwa Mbagathi akiwasikiliza Wasomali, wakuu wa koo na wababe wa vita, hadi walipopata serikali ya mpito mwaka 2004.

Enzi hiyo haikukosa kasoro. Mkataba wa Uganda uliotiwa saini Nairobi Desemba 1985, Rais Moi akiwa msuluhishi, ulidumu wiki chache tu kabla Yoweri Museveni hajaiteka Kampala. Hata mkataba wa Nyayo haukuizuia Sudan Kusini kuingia katika vita vyake yenyewe. Lakini pande zote zilikuja Nairobi zikiamini kwamba mwenyeji hakuwa na mtu wake kati yao. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya adui akubali kukaa meza moja na adui yake.

Sisi wenyewe tuliihitaji imani hiyo. Mwanzoni mwa 2008, Wakenya wakiuana kwa sababu ya uchaguzi, Sumbeiywo, Kiplagat na Dekha Ibrahim Abdi, mama wa Wajir aliyejulikana kwa kupatanisha koo, walikuwa miongoni mwa raia waliokutana katika hoteli ya Serena kutafuta njia ya kuzima moto. Tarehe 28 Februari, mbele ya Harambee House, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano chini ya usimamizi wa Kofi Annan. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekwisha kufa. Tungemkubali Annan kama angewahi kumkaribisha mmoja wa wawili hao aje kutangaza serikali yake nyumbani kwake?

Mteremko ulianza kuonekana Oktoba 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Serikali ilikuwa na sababu zake: utekaji nyara wa watalii na wafanyakazi wa misaada, na mpaka usiolindika. Lakini Katiba ya 2010 inataka Bunge liidhinishe tangazo la vita, na vita hivi havikutangazwa kamwe. Wanajeshi walivuka mpaka kwanza, wabunge wakajadili baadaye. Tangu siku hiyo Kenya ikawa mhusika katika vita vya jirani. Al-Shabaab walipolivamia jengo la Westgate, Westlands, Septemba 2013 na kuua watu 67, walisema wanalipiza kisasi kwa majeshi yetu kuwa Somalia. Januari 2019 walirudi magharibi mwa jiji, Riverside Drive, wakaua watu 21. Hakuna kisasi kinachohalalisha kumpiga risasi mama aliyekwenda dukani na mwanawe, na waliofanya hivyo ni wauaji. Hata hivyo, taifa linalopeleka vijana wake vitani bila mjadala wa wazi huwanyima raia wake haki ya kupima hatari watakayoishi nayo.

Hatua ya pili ilihusu pesa. Vita vya Sudan Kusini vilizuka Desemba 2013, na utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba vilisababisha vifo vya watu karibu 400,000. Mwaka 2016, shirika la The Sentry lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba familia za mahasimu wawili, Salva Kiir na Riek Machar, zilikuwa na makazi ya kifahari Lavington, mtaa mmoja. Wanajeshi wao wakichinjana Juba na Malakal, familia zao ziliishi kwa amani nyuma ya kuta na walinzi wa Nairobi. Habari ile ilisomwa, ikazungumzwa, ikapita. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti pesa haramu. Nyumba inayonunuliwa kwa pesa za vita hupandisha bei ya kiwanja cha jirani, na kila anayefaidika na bei hiyo hupoteza hamu ya kuuliza pesa zimetoka wapi.

Ndipo ikaja Sudan. Vita vya sasa vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, IGAD iliunda kundi la nchi nne chini ya Rais William Ruto. Kufikia Julai jeshi la Sudan lilikuwa limekwisha kumkataa likisema anaegemea upande mmoja. Januari 2024 mkuu wa RSF, Mohamed Hamdan Dagalo, alipokewa Ikulu ya Nairobi, na Khartoum ikamwita balozi wake nyumbani. Baada ya mkutano wa KICC, serikali yetu ilijitetea kwamba ilikuwa inatoa uwanja usioegemea upande wowote. Utetezi huo haushikiki. Upatanishi huwakutanisha wanaopigana. Pale KICC palikuwa na upande mmoja, ukijenga serikali ya kuushinda mwingine.

Raia wa Sudan wanauawa na pande zote mbili. El Geneina, mwaka 2023, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kati ya watu 10,000 na 15,000 waliuawa, wengi wao wa kabila la Wamasalit, wakishambuliwa na RSF na wanamgambo wenzao. Desemba 2024 ndege za jeshi la serikali zililipua soko la Kabkabiya siku ya gulio na kuua watu zaidi ya 100. Katika kambi ya wakimbizi ya Zamzam, baa la njaa lilithibitishwa Agosti 2024, na Aprili iliyofuata RSF wakaivamia kambi hiyohiyo. El Fasher nayo ilianguka mikononi mwao Oktoba 2025. Mtu wa Zamzam hana droni wala kura katika mabaraza ya dunia. Tegemeo lake ni kwamba mahali fulani kuna mtu anayeweza kuwapigia simu majenerali wote wawili, na wote wakaipokea. Nairobi ilikuwa mahali hapo.

Wapo wanaosema mambo ya Ngoswe aachiwe Ngoswe mwenyewe. Wanaosema hivyo watoke KICC watembee dakika chache hadi bustani ya kumbukumbu kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Majina yaliyochongwa pale ni ya watu zaidi ya 200 waliouawa tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini, katika ugomvi kati ya al-Qaeda na Marekani usiowahusu. Gharama ya sasa nayo imeanza kulipwa: Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, na mkulima wa Kericho akapoteza mnunuzi kwa uamuzi ambao hakuulizwa.

Wakenya tunajua kuandamana. Tumeujaza mji huu kwa sababu ya kodi na ya kura. Kwa ajili ya Darfur tumekaa kimya, na kimya hicho kimewarahisishia kazi wanaoamua kwa niaba yetu. Bunge litunge sheria inayozuia kundi lenye silaha kupewa jukwaa la kisiasa nchini ila katika mazungumzo yanayowahusisha wapinzani wake na raia. Taasisi za kupambana na pesa haramu zifuatilie majumba ya wakuu wa vita, Lavington na kwingineko, na zitangaze zilichokipata. Nawe msomaji, mwulize mbunge wako alisema nini Februari ile. Mpaka hayo yafanyike, Kenya haina haki ya kujiita mpatanishi.