Siku za Mwezi na Uchunguzi wa Utumbo: Mama Asinyamaze

Wazee walisema: Mficha uchi hazai. Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo wanawake wengi wa Butembo na Beni hulificha hata mbele ya daktari, nalo ni maumivu makali ya tumbo yajayo pamoja na siku za mwezi. Twajua kwamba baba wengine watataka kufunua ukurasa mwingine upesi. Twawaomba wangoje kidogo, maana jambo hili lawahusu wake zao na binti zao, na mara nyingi baba ndiye ashikaye fedha za hospitali.

Wanawake wengi huumwa kidogo wakati wa hedhi, na maumivu hayo hupungua kwa kupumzika au kwa kidonge. Lakini yuko msichana ambaye kila mwezi hukosa shule siku mbili tatu. Yuko mama ambaye katika siku hizo hawezi kushika jembe wala kwenda sokoni, na aendapo haja kubwa huona uchungu kama wa kisu, pengine na damu katika kinyesi. Watu humwambia, “Vumilia, ukizaa yatakwisha.” Wengine hunong’ona kwamba amerogwa, au kwamba ameishi vibaya. Maneno hayo yote hayamponyi mtu.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya tumbo la uzazi mna utando laini. Kila mwezi utando huo hukua, kisha hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa wanawake wengine, nyama inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: katika vifuko vya mayai, nyuma ya tumbo la uzazi, hata katika ukuta wa utumbo mkubwa, hasa sehemu yake ya mwisho. Nayo hufuata mwezi ule ule: huvimba na kutoa damu, lakini damu hiyo haina njia. Ndiyo sababu mahali pale huuma, makovu hufanyika, na viungo vilivyopasa kuteleza hugandamana.

Ugonjwa huu huitwa endometriozi, jina lililotolewa na daktari John Sampson wa Marekani katika miaka ya 1920. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa anao, yaani watu wapatao milioni 190, na kwamba wengi hukaa miaka 4 hadi 12 kabla ya kujulishwa jina la maradhi yao. Hauambukizwi, wala hautokani na mwenendo mbaya. Lakini waweza kuzuia mimba, na hapo mwanamke hubeba mizigo miwili: maumivu yake, na lawama za ukoo.

KWA NINI DAKTARI ATAKA KUTAZAMA UTUMBO

Damu katika kinyesi ina asili nyingi: amiba, kichocho, bawasiri, vinyama vidogo vinavyoota katika utumbo, hata saratani. Daktari mwenye busara hakisii. Huenda akaomba uchunguzi uitwao kolonoskopi. Mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera ndogo, hupitishwa katika njia ya haja kubwa mpaka mwanzo wa utumbo mkubwa. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua dakika 30 hadi 60, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza. Chombo hiki hakimo katika kila hospitali. Wako wanaosafiri mbali, hata kuvuka mpaka pale Kasindi kwenda Uganda.

Basi tuseme siku imewekwa, fedha zimekusanywa, na usiku ule ule hedhi yaanza. Je, mama arudi nyumbani kwa aibu? Hasha! Hedhi haizuii uchunguzi. Mpira haupiti katika njia ya uzazi, wala damu ya hedhi haiharibu kazi ya daktari. Yatosha amwambie muuguzi mapema, “Niko katika siku zangu,” ili damu ile isidhaniwe kuwa yatoka utumboni. Avae kitambaa chake kama kawaida, achukue na vingine vya kubadili. Ila kama siku hizo maumivu yake hupita kiasi, na hakuna dalili ya hatari, aweza kuuliza kama tarehe itasogezwa. Lakini akiwa anapungua damu au anakonda, asikawie.

MATAYARISHO

Agizo la hospitali yako ndilo la kufuatwa. Hapa twaeleza mambo yaliyo ya kawaida.

Kwanza, chakula. Siku mbili tatu kabla, aache maharagi, mahindi, sombe na mboga nyingine za majani, na matunda yenye mbegu kama marakuja na mapera. Ale wali mweupe, mayai, samaki, na viazi ulaya vilivyomenywa. Siku moja kabla, anywe vitu vya maji tu: chai bila maziwa, mchuzi uliochujwa, maji yenye sukari. Asinywe kitu chekundu, maana rangi yake yaweza kudhaniwa damu.

Pili, dawa azitumiazo. Wanawake wanaotokwa na hedhi nyingi hupewa mara nyingi vidonge vya madini ya chuma ili kuongeza damu. Vidonge hivyo hukifanya kinyesi kuwa cheusi na chenye kunata. Kwa kawaida huachwa siku 5 hadi 7 kabla. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda asiziache wala asizimeze bila kumwuliza daktari. Anayemeza vidonge vya homoni ajue kwamba kuharisha sana kwaweza kuvitoa kabla havijafanya kazi, aulize afanyeje.

Tatu, dawa ya kusafisha utumbo. Mara nyingi ni unga uliochanganywa na maji, lita 2 hadi 4. Madaktari wengi huigawa: sehemu moja jioni, nyingine alfajiri. Inywewe polepole, glasi baada ya glasi. Mwisho wake choo huwa maji ya manjano mepesi yasiyo na vipande. Utumbo usiposafika, daktari haoni kitu, na fedha zimepotea bure.

Nne, maumivu. Usiku huo msokoto wa dawa na msokoto wa hedhi hukutana. Parasetamoli kwa kipimo chake na kitambaa cha moto juu ya tumbo husaidia. Ibuprofeni isimezwe bila idhini, kwa kuwa mwili umepungukiwa maji. Vazelini kidogo hulinda ngozi ya nyuma.

Hapa tunalo onyo moja kubwa. Endometriozi yaweza kuubana utumbo. Mgonjwa anayetapika, ambaye tumbo limevimba na kuwa gumu, asiyepata choo wala kutoa hewa, asinywe dawa hiyo kamwe, bali apelekwe hospitali mara moja.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Mtu wa Beni aitwapo kuchunguzwa Butembo au mbali zaidi, asinywe dawa nyumbani kisha apande pikipiki kulipopambazuka. Kilomita 50 hivi za njia ile ni nyingi mno kwa aliyekunywa dawa ya kuharisha. Afike mapema, alale kwa ndugu karibu na hospitali, penye choo kisicho na foleni. Mume au ndugu ajaze mabidoni ya maji kabla ya jioni, ashike taa usiku, na amrudishe mgonjwa kesho yake, maana aliyepewa dawa ya kutulizwa hafai kurudi peke yake.

Tena majirani wa karibu waambiwe. Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tangu hapo mtu akiharisha usiku kucha, hofu huingia mtaani. Neno moja la mapema huondoa uvumi. Walakini homa pamoja na kutapika, au damu isiyo ya kawaida, isisingiziwe dawa wala hedhi: hayo ni ya kupeleka hospitali bila kungoja.

MAJIBU YAKIWA MEMA

Yako jambo ambalo wengi hawaambiwi. Endometriozi ya utumbo huota zaidi upande wa nje wa ukuta, wakati kamera hutazama upande wa ndani. Kwa hiyo daktari aweza kusema, “Sikuona kitu,” na ugonjwa uwepo. Maana ya majibu hayo ni kwamba saratani na maradhi mengine ya ndani hayakuonekana, na hiyo ni habari njema. Maana yake si kwamba mama huyu ni mwongo. Mume asirudi nyumbani akisema, “Tumetupa fedha, hana kitu.” Amwulize daktari juu ya picha nyingine za tumbo, na juu ya dawa za kutuliza hedhi, ambazo huwafaa wengi.

Yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amekwisha kutumia mali yake yote kwa waganga. Wako wenzake katika vijiji vyetu leo. Twawashauri, mama na binti, mnunue daftari dogo. Andikeni siku hedhi inapoanza na kwisha, siku za maumivu na mahali panapouma, na siku damu inapoonekana chooni. Miezi mitatu ya daftari hilo humwonyesha daktari kama maumivu yanafuata mwezi. Nanyi walimu na masista wa shule, msichana akikosa darasa kila mwezi kwa tumbo, msimwite mvivu. Mwiteni mama yake, mmwonyeshe njia ya hospitali.