Damu ya Mama Yasema Nini Kuhusu Mtoto Tumboni?

Tuseme dada yako mdogo ameolewa Ewuaso Kedong, kule Kajiado, kwenye barabara ya Ngong kwenda Suswa. Ana miaka 25 na mimba ya miezi mitatu. Anakupigia simu: amesikia Nairobi kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtoto atazaliwa na hali ya Down. Je, auze mbuzi akalipe?

Kipimo kipo, na si cha bei rahisi. Mnamo 1997 Dennis Lo na wenzake walitangaza kwamba damu ya mja mzito hubeba vipande vya DNA ya mtoto. Kipimo chenyewe kilianza kuuzwa mwaka wa 2011. Kuanzia wiki ya kumi mama hutolewa damu mkononi, basi. Sindano haifiki tumboni. Wataalamu huhesabu vipande vya kromosomu ya 21. Vikizidi kiasi, huenda mtoto anazo tatu badala ya mbili, na hiyo ndiyo hali ya Down.

Lakini shika hilo neno "huenda". Vipande hivyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, na kondo huweza kuwa na kromosomu ya ziada ambayo mtoto hana. Kati ya wajawazito 10,000 wenye umri wa dada yako, takriban kumi tu hubeba mtoto wa hali hiyo. Kipimo huwagundua karibu wote, ila huwatia hofu ya bure akina mama wengine, idadi ikikaribia hiyo hiyo. Kwa hiyo akiambiwa "ndiyo", ni kama kurusha sarafu! Kwa mama wa miaka 40, jibu hilo kwa kawaida huwa kweli.

Uhakika hutokana na kuchota maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, nako kuna hatari ndogo ya mimba kuharibika.

Sasa ajue ili iweje? Kromosomu haiondolewi kwa dawa. Hata hivyo, karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na mama aliyejua mapema hupanga kujifungulia penye daktari wa moyo wa watoto. Asiyetaka kujua naye asilazimishwe na mume wala mama mkwe.

Mwambie dada aanzie kliniki ya wajawazito, aulize nani atamfafanulia majibu. Mbuzi wasubiri kidogo.