Upole wa Mbwa Unatoka Wapi? Uchaguzi wa Mbwa wa Nyumbani Mkoani Mara

Anayetafuta mbwa mpole wa kuishi na watoto katika nyumba ya mjini, kwa mfano katika kata ya Kitaji mjini Musoma, kwa kawaida huanza kwa kuulizia aina, na majibu anayopata hufanana: Labrador na Golden Retriever husifiwa kuwa marafiki wa kila mtu, German Shepherd, ambaye wengi humwita mbwa wa polisi, huhesabiwa kuwa mtiifu lakini mkali, Rottweiler huogopwa, na mbwa wa kienyeji hatajwi kabisa, ingawa ndiye anayelinda kaya nyingi kuanzia Musoma hadi Bunda na Butiama. Sifa hizo hazikuzuka bure, lakini elimu ya jeni, yaani elimu ya namna viumbe wanavyorithishana maumbile na tabia, imeonyesha kwamba jina la aina ni kiashiria dhaifu cha tabia ya mbwa mmoja mmoja.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia maelezo ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000, pamoja na jenomu za mbwa zaidi ya 2,000. Jenomu ni jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za kiumbe. Ilibainika kwamba aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, wakati maumbo, kama vile ukubwa wa mwili na urefu wa manyoya, yalifuata aina kwa karibu sana. Utayari wa mbwa wa kufuata maelekezo ya mtu ndio ulioathiriwa na aina kuliko tabia nyingine, ilhali wepesi wa kuchokozeka, yaani kiwango cha bughudha kinachomfanya mbwa angurume au aume, haukuwa na uhusiano wa maana na aina yake. Kwa mzazi anayetaka kujua kama mbwa atamvumilia mtoto anayemvuta mkia, matokeo hayo yana uzito wa pekee, kwa kuwa jambo analolihitaji zaidi ndilo ambalo jina la aina linaloandikwa kwenye tangazo la muuzaji halimwelezi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba upole haurithiwi. Kuanzia mwaka 1959, karibu na mji wa Novosibirsk katika Urusi ya leo, wanasayansi Dmitri Belyaev na Lyudmila Trut walizalisha mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi wakizingatia kigezo kimoja tu: katika kila kizazi waliwaacha wazae wale tu walioonyesha hofu na ukali mdogo zaidi wanaposogelewa na mtu. Baada ya vizazi vichache walianza kuonekana mbweha waliotikisa mikia na kulialia wakitaka kushikwa, na ilipopimwa kotisoli katika damu yao, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa hofu na msongo, kiwango chake kilikuwa chini kuliko cha mbweha wa kawaida. Walichochagua watafiti hao ni mwenendo wa wazazi wenyewe, si rangi wala sura, na kwa sababu hiyo mnunuzi anayekwenda kuangalia watoto wa mbwa atajifunza mengi kwa kumtazama mama yao anavyompokea mgeni kuliko kwa kusoma cheti cha nasaba.

Urithi, kwa upande wake, haufanyi kazi peke yake. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa muda mrefu katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walilea mbwa wa aina tano katika mazingira yanayofanana, mojawapo ikiwa basenji, mbwa mdogo wa kuwindia aliyetoka katika misitu ya Kongo. Watoto wa basenji walipofikisha wiki tano walikuwa waoga kupita wenzao, wakimkimbia mtu na kutaka kuuma wakibanwa pembeni, lakini kadiri walivyoendelea kushikwa na kuzoeshwa watu, woga huo ulipungua upesi. Katika jaribio jingine la maabara hiyo, lililochapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa waliolelewa bila kuguswa na mtu hadi wiki ya 14 waligeuka kuwa kama wanyama wa porini, na ikawa vigumu mno kuwazoesha baadaye. Kutokana na kazi hizo limetambuliwa dirisha la mazoea, yaani kipindi cha kuanzia wiki ya tatu hadi takriban wiki ya 12 au 14, ambapo ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea watu, sauti na wanyama wengine kuwa sehemu ya kawaida ya maisha, na baada ya hapo kila kitu kigeni huanza kutiliwa shaka.

Mbwa wa kienyeji wa Mara anapaswa kuangaliwa kwa mizani hiyo. Yeye si mabaki ya mbwa wa Kizungu waliochanganyika ovyo, kama inavyodhaniwa na wengi, kwa kuwa uchunguzi wa jeni za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wengi wao, hususan wa Uganda iliyo ng'ambo ya Ziwa Viktoria, wana asili ya Kiafrika yenye historia yake. Ukali unaosemwa juu yake kwa sehemu kubwa ni wa kazi, kwa maana hufugwa ili alinde mifugo dhidi ya fisi na kaya dhidi ya wezi, huzaliwa uani au nyuma ya ghala, na huenda akapita miezi yake mitatu ya mwanzo bila kushikwa na mkono wa mtu mzima, huku akirushiwa mawe na watoto. Mbwa aliyelelewa hivyo akimng'ata jirani, lawama hutupiwa ukienyeji wake, ilhali Labrador aliyelelewa vivyo hivyo angefanya yale yale.

Mbwa wa kigeni ana gharama ambayo muuzaji haitaji. Upande wa Bunda unaoelekea Hifadhi ya Serengeti kuna ndorobo, nzi wanaoeneza vimelea vya nagana, na mbwa aliyetoka katika nchi zisizo na nzi hao huugua vibaya, macho yake yakifunikwa na ukungu mweupe na damu ikipungua, huku kupe nao wakileta homa zao. Mbwa wa pua fupi, kama bulldog, hupata shida zaidi kwenye joto, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema na si kwa jasho.

Tena si kila mbwa mwenye akili na afya anafaa kukaa sebuleni. Katika Pori la Akiba Grumeti, magharibi mwa Serengeti, Mfuko wa Grumeti una kikosi cha mbwa wa kunusa kinachosaidia kupambana na ujangili, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na shirika la Kimarekani la Working Dogs for Conservation, ambalo huwatafuta mbwa wengi katika vituo vya mbwa waliotelekezwa, likiwapendelea hasa wale walioshindikana majumbani kwa sababu ya pupa na nguvu zisizoisha. Sifa iliyomfanya mbwa afukuzwe nyumbani ndiyo inayompa ajira porini. Familia yenye watoto wadogo hutafuta kinyume chake, na huenda ikafanya busara kumchukua mbwa aliyekwisha kukua, kwa kuwa tabia yake inaonekana waziwazi, kuliko mtoto wa wiki nane ambaye majaribio ya kupima mwenendo wake katika umri huo hayatabiri vizuri atakavyokuwa ukubwani.

Mkoani Mara suala la upole lina upande wa pili, nao ni kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi ambao dalili zake zikishatokea kwa binadamu karibu kila mara humuua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kimataifa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiambukizwa na mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuugua ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa mpole anayebadilika ghafla kuwa mkali, au mbwa mkali anayekuwa mnyonge na kutokwa na mate, hutia shaka mara moja, na jeraha la aliyeumwa naye huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali kwa ajili ya chanjo. Katika Wilaya ya Serengeti, inayopakana na Bunda na Butiama, kampeni za kuchanja mbwa zilizoendeshwa kati ya mwaka 1996 na 2001 zilipunguza matukio ya ugonjwa huo kwa mbwa kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ya pili, na watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa wakapungua pia, jambo ambalo halikutokea katika wilaya jirani zisizochanja.

Chanjo hiyo ya mbwa kwa kawaida hutolewa kwenye kituo kimoja kijijini, ambako wenye mbwa, wengi wao wakiwa watoto waliotumwa na wazazi, huwaleta kwa kamba, na hapo mambo mawili yaliyoelezwa huku nyuma hukutana: mbwa aliyeshikwa na kubebwa tangu wiki ya tatu hukubali kamba na sindano, lakini yule ambaye hakuguswa hadi wiki ya 14 huvunja kamba njiani au humng'ata anayemleta, akarudi nyumbani bila chanjo. Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wa umri wote wachanjwe, wakiwemo walio chini ya miezi mitatu, hivyo mtu wa Kitaji au Butiama anayechukua mtoto wa mbwa wa wiki nane anaweza kumpeleka kwa daktari wa mifugo ndani ya kipindi kile kile ambacho mbwa huyo bado anajifunza kuwa watu hawadhuru.