Walinzi wa Mizizi ya Nyanya

Mkulima anapong'oa mche wa nyanya uliodumaa ndani ya kitalu nyumba na kukuta mizizi imejaa vinundu, adui huwa ameshatamalaki. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi minyoo fundo, ambao wataalamu huwaita Meloidogyne. Kinda anayepenya mzizini hafikii urefu wa milimita moja. Jike mmoja hutaga mayai mia kadhaa, na udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, kizazi kipya hukamilika kwa takriban mwezi mmoja.

Kitalu nyumba huwafaa mno. Humo udongo una joto na unyevu, na nyanya zikivunwa hupandwa matango, kisha nyanya tena. Yote ni chakula chao. Gesi ya methili bromaidi, iliyotumika kwa miaka mingi kusafisha udongo, iliwekewa marufuku na Mkataba wa Montreal kwa sababu huharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipangiwa kuacha kuitumia mashambani ifikapo 2015, isipokuwa pale ulipotolewa msamaha maalumu.

Lakini udongo wenyewe una walinzi.

Mtafiti Brian Kerry wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alichunguza mashamba ya nafaka ambamo minyoo wa jamii ya karibu walipungua ingawa nafaka zilipandwa mfululizo. Udongo ulipomwagiwa dawa ya formalini, minyoo waliongezeka. Dawa ilikuwa imedhuru kuvu zilizokuwa zikiwaua.

Kila mlinzi ana mahali pake pa kushambulia. Kuvu iitwayo Pochonia chlamydosporia hutoboa mayai na kula kilichomo. Purpureocillium lilacinum, ambayo uwezo wake uliripotiwa Peru mwaka 1979, hufanya kazi kama hiyo. Bakteria Pasteuria penetrans huvizia makinda: spora zake hunata kwenye ngozi ya kinda anayepita udongoni, humea ndani yake, na anapokua jike mwili wake hujaa spora mpya zipatazo milioni 2 badala ya mayai. Nazo kuvu za jamii ya Arthrobotrys hutega. Moja hufuma nyavu zenye gundi. Nyingine hutengeneza vitanzi ambavyo mnyoo akipita hufumba kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Kuba imeonyesha kwamba elimu hii inaweza kufika shambani. Kituo cha utafiti cha CENSA, jirani na Havana, kilitengeneza KlamiC, dawa ya kibiolojia yenye Pochonia, kwa ajili ya mboga, zikiwamo zinazolimwa ndani ya vitalu nyumba.

Walinzi hawa hawatendi kazi kwa kasi ya sumu. Huhitaji mboji, na ni vyema wawekwe mapema, wakati wa kusia na kuhamisha miche, minyoo wakiwa bado wachache. Dawa za ukungu zinazomwagwa udongoni zinaweza kuua kuvu hizi pamoja na ugonjwa unaolengwa. Tena, vinundu vikiwa vikubwa mno, mayai hubaki yamefunikwa ndani ya mzizi, na Pochonia haiyafikii. Ndiyo maana msimu ukiisha mizizi yote yenye vinundu ing'olewe, itolewe nje ya kitalu na kuchomwa moto kabla ya zao jingine kupandwa.