MOJA NA MOJA NI NGAPI? Jinsi kinga zinavyojumlishana dhidi ya kipindupindu



Kila inapotolewa chanjo ya kipindupindu, wahudumu wa afya ya jamii hukutana na swali lile lile kwenye foleni ya maji: "Sisi tumeshachanjwa. Kwa nini bado tunaambiwa tutie dawa kwenye maji?" Wengine huuliza kinyume chake: "Maji yetu yana klorini. Chanjo ni ya nini tena?"

Maswali haya ni ya msingi, na yanastahili jibu kamili. Juba inaujua ugonjwa huu. Mlipuko ulitangazwa hapa mwezi Mei 2014, ukarudi Juni 2015, kisha ule ulioanza katikati ya mwaka 2016 ukaendelea hadi mwisho wa 2017 na kugusa sehemu nyingi za nchi. Mwezi Oktoba 2024 mlipuko mwingine ulitangazwa kuanzia Renk, mji unaopokea watu wanaokimbia vita vya Sudan, nao ukafika Juba pia. Kila mara watu wamepewa kinga zaidi ya moja: chanjo, klorini, sabuni, vyoo. Katika toleo hili tunaeleza kinga hizo zikiwekwa pamoja huleta nini.

Je, kujumlishana maana yake nini?

Watafiti wa sayansi na wahandisi wanapoweka vitu viwili pamoja, hujiuliza kama matokeo yake ni jumla ya kile ambacho kila kimoja kingefanya peke yake. Majibu yanaweza kuwa matatu:

1. Vinajumlishana. Kila kimoja kinafanya kazi yake, na kazi hizo zinaongezeka moja juu ya nyingine.
2. Vinazidishana. Vikiwa pamoja vinafanya zaidi ya jumla, kwa sababu kimoja kinakisaidia kingine.
3. Vinarudufiana. Cha pili hakiongezi kitu, au kinaongeza kidogo tu, kwa sababu kazi yake imekwisha kufanywa na cha kwanza.

Kuna kosa la hesabu ambalo watu wengi hulifanya. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kinga ya kwanza inazuia nusu ya wagonjwa, na ya pili nayo inazuia nusu. Mtu atasema: asilimia 50 na asilimia 50 ni 100, basi ugonjwa umekwisha. Sivyo. Kama watu 100 wangeugua, kinga ya kwanza inabakiza 50. Kinga ya pili inafanya kazi kwa hao 50 waliobaki, inazuia nusu yao, na wanabaki 25. Kwa hiyo kinga mbili pamoja zimezuia wagonjwa 75. Ukiongeza ya tatu yenye nguvu ile ile, wanabaki 12 au 13. Hakuna hata moja inayomaliza kazi peke yake, lakini kila moja inapunguza mzigo ulioachwa na nyingine.

Hesabu hiyo inakwenda sawa pale ambapo kila kinga inafunga mlango wake. Kama zote mbili zinafunga mlango mmoja, hali ni nyingine.

Watafiti hupima namna gani?

Mfano mzuri unatoka jirani zetu wa Tanzania, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Huko mbu walikuwa wamezoea dawa ya kawaida iliyomo kwenye vyandarua. Watafiti wakataka kujua mambo mawili: je, chandarua kilichoongezewa kemikali iitwayo PBO, ambayo humnyima mbu uwezo wa kuivumilia dawa, kinasaidia zaidi? Na je, kupulizia dawa ya ukoko kwenye kuta kunasaidia?

Waligawanya maeneo 48 katika mafungu manne. La kwanza lilipata vyandarua vya kawaida. La pili lilipata vyandarua vyenye PBO. La tatu lilipata vyandarua vya kawaida pamoja na dawa ya ukoko. La nne lilipata vyandarua vyenye PBO na dawa ya ukoko. Bila mafungu yote manne huwezi kujua kila kitu kimefanya nini peke yake na kimefanya nini kikiwa na mwenzake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Miezi tisa baada ya kuanza, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 kwenye maeneo ya vyandarua vyenye PBO, na asilimia 42 kwenye maeneo ya vyandarua vya kawaida. Dawa ya ukoko nayo ilipunguza malaria kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Lakini pale vilipowekwa vyote viwili, faida ya ziada haikuonekana. Hii ndiyo ile hali ya tatu: kurudufiana. Vyote viwili vilikuwa vinamshambulia mbu yule yule anayeingia ndani ya nyumba usiku. Funzo kwa wenye fedha kidogo ni kubwa: badala ya kuweka kinga mbili kwenye kijiji kimoja, inaweza kufaa zaidi kuvikinga vijiji viwili.

Na kipindupindu je?

Vijidudu vya kipindupindu havina mlango mmoja. Vinaingia kwa mdomo, lakini vinafika mdomoni kwa njia mbalimbali: maji ya kunywa, mikono, chakula kilichoguswa au kilichopoa, vyombo vilivyooshwa kwa maji machafu. Klorini inafunga njia ya maji. Sabuni inafunga njia ya mikono. Choo kinazuia kinyesi kisifike mtoni. Chanjo haifungi njia yoyote kati ya hizo. Inauandaa mwili upigane na vijidudu vilivyokwisha kupita. Kwa hiyo tunatarajia kinga hizi zijumlishane.

Je, imepimwa? Ndiyo. Kuanzia mwaka 2011, huko Dhaka, Bangladesh, mtaa wenye watu wengi na msongamano unaofanana na wa kambini uligawanywa katika makundi matatu. Moja lilipata chanjo. La pili lilipata chanjo pamoja na vifaa na mafunzo ya kunawa mikono na kutibu maji nyumbani. La tatu halikupata chochote wakati huo. Baada ya miaka miwili, kipindupindu kikali kilipungua kwa asilimia 37 kwenye kundi la chanjo, na kwa asilimia 45 kwenye kundi la chanjo pamoja na maji na sabuni.

Tofauti hiyo ni ndogo, na watafiti walieleza kuwa haikutosha kuwa na hakika kwamba haikutokea kwa bahati. Je, maana yake maji safi hayasaidii? Hapana. Kinga inajumlishwa pale inapotumika. Klorini iliyobaki ndani ya chupa haihesabiwi. Utafiti mkubwa uliofanyika magharibi mwa Kenya, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, na kutolewa mwaka 2018, uligawa klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia, lakini kuhara kwa watoto hakukupungua. Kufikia mwaka wa pili familia nyingi zilikuwa zimepunguza kutumia vitu walivyopewa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu.

Dozi moja ya chanjo Juba, 2015

Chanjo ya kumeza ya kipindupindu ilipangwa kutolewa kwa dozi mbili, zikipishana wiki mbili. Mwaka 2015 dozi zilikuwa chache duniani, na Juba ilikuwa katikati ya mlipuko. Uamuzi ukawa kuwapa watu wengi dozi moja badala ya kuwapa wachache dozi mbili. Watafiti walifuatilia wagonjwa na kulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Walikuta dozi moja imepunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 87 katika kipindi hicho kifupi cha mlipuko. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wachache, kwa hiyo kipimo chenyewe si cha kukatia shauri hadi nukta ya mwisho, lakini kilionyesha kwamba dozi moja ina kazi kubwa wakati wa dharura.

Huko Dhaka, dozi moja ya chanjo hiyo ilitoa kinga ya asilimia 40 tu kwa jumla, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano haikuonyesha kinga ya kutegemewa. Kwa nini tofauti? Moja ya maelezo yanayotolewa ni kujumlishana. Mtu ambaye mwili wake umewahi kukutana na vijidudu hivi ana askari wa mwili waliokwisha kufundishwa, na dozi moja inawaamsha. Mtoto mdogo hana msingi huo. Kwake dozi ya kwanza ndiyo somo la kwanza.

Jambo hili linatuhusu sote, maana Oktoba 2022, kwa upungufu wa chanjo duniani, uliamuliwa utumike mpango wa dozi moja katika kampeni za dharura. Mama mwenye mtoto mdogo aelewe: kama mtoto amepata dozi moja tu, maji safi, sabuni na chakula cha moto ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kinga yake.

Pale moja na moja zinapokuwa zaidi ya mbili

Mfano bora wa vitu vinavyozidishana uko mikononi mwetu: maji ya chumvi na sukari, au ORS. Mgonjwa wa kipindupindu akipewa chumvi peke yake kwenye maji, utumbo hauwezi kuifyonza vya kutosha. Akipewa sukari nyingi peke yake, kuhara kunaweza kuongezeka. Lakini kwenye ukuta wa utumbo kuna kijilango kinachoingiza chumvi na sukari kwa pamoja, na kijilango hicho kinaendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Vikiingia pamoja, maji yanafuata.

Jambo hili lilithibitishwa kambini kwa wakimbizi. Mwaka 1971, watu waliokimbia vita vya Bangladesh walijaa katika mji wa Bangaon, India, na kipindupindu kikaingia. Maji ya mishipa yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa, ukitolewa hata na ndugu zao. Vifo, vilivyokuwa karibu wagonjwa 30 katika kila 100, vilishuka hadi chini ya 4 kwa waliotibiwa kwa mchanganyiko huo.

Kama huna pakiti ya ORS nyumbani, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Anza kumnywesha mgonjwa mara moja na umpeleke kituo cha afya huku akiendelea kunywa.

Tahadhari: madhara nayo hujumlishana

- Paracetamol ina majina mengi ya biashara, na imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu anaweza kumeza aina mbili akidhani ni dawa tofauti, kumbe anajumlisha dawa moja. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ikizidi, huharibu ini. Onyesha mhudumu dawa zote unazotumia.
- Kuongeza klorini kupita kipimo hakuongezi kinga. Maji yanakuwa na ladha mbaya, na watoto wanakwenda kunywa ya mtoni.
- Maji yenye tope hula klorini. Yachuje kwanza kwa kitambaa safi, fuata maelekezo ya pakiti, kisha subiri dakika 30.

Nini cha kufanya nyumbani

Usihesabu tu una kinga ngapi. Jiulize: mlango gani bado uko wazi?

- Kama umechanjwa lakini unanunua maji ya lori yanayotoka Mto Nile, mlango wa maji uko wazi. Yatibu.
- Kama maji yana klorini lakini dumu ni chafu au watu wanachota kwa kikombe cha mkononi, klorini inakwisha ndani ya dumu. Safisha dumu, lifunike, mimina bila kuingiza mkono.
- Kama maji ni salama lakini hakuna sabuni karibu na choo, mlango wa mikono uko wazi. Majivu yatumike kama sabuni haipo.
- Kama mnafanya yote hayo lakini jirani anajisaidia porini, mvua italeta kinyesi hadi kwenu. Zungumzeni na kamati ya usafi ya eneo lenu.
- Kampeni ya chanjo ikifika, nenda hata kama nyumba yako ni safi. Dozi ya pili ikitangazwa, irudie.

Na mtu akianza kuharisha maji maji kama ya mchele, usisubiri kuona kama atapona. Mpe ORS na mkimbizeni kituoni, mchana au usiku.

Kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba, na kinga iliyo nzuri zaidi kuongeza ni ile inayofunga mlango ambao nyingine zimeuacha wazi.