Mtoto Asiyetulia na Kipimo cha Mawimbi ya Ubongo

Chuoni ustadhi amemrudisha nyumbani mara mbili. Shuleni mwalimu ameandika daftarini kwamba mtoto hasikilizi. Jirani asema kashikwa na jini. Nyanya asema hakufunzwa adabu. Na mama amebaki jikoni akijilaumu. Katika mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe, kisa hiki si kigeni. Siku hizi limeongezeka na shauri jingine: "Mpeleke akapimwe mawimbi ya ubongo." Je, kipimo hicho kitampa mama huyu jawabu?

Mwenyezi Mungu ameujaalia ubongo wa mwanadamu umeme hafifu usiokoma, tukiwa macho au usingizini. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger, aliunasa umeme huo mwaka 1924, na mwaka 1929 akautangazia ulimwengu. Njia ya leo ni hii: vipande vidogo vya chuma hubandikwa juu ya ngozi ya kichwa, na mashine ikachora mawimbi. Hapana sindano, wala umeme unaoingia mwilini.

Wataalamu waliona kwamba baadhi ya watoto wenye upungufu wa makini na utukutu uliopindukia wana mawimbi mengi ya polepole, yaitwayo theta, yakilinganishwa na yale ya kasi, yaitwayo beta. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliruhusu kifaa cha kupima uwiano huo kwa watoto wa miaka 6 hadi 17, lakini kiwe msaidizi wa daktari tu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha huko huko kikaonya kwamba kipimo hicho kisishike nafasi ya uchunguzi wa kawaida. Wapo watoto wasio na tatizo ambao mawimbi yao ni ya namna hiyo, na wapo wenye tatizo ambao mawimbi yao hayaonyeshi kitu.

Basi daktari hutegemea nini? Hutegemea macho yako, mama. Huuliza: dalili zimedumu miezi 6 au zaidi? Zilianza kabla ya miaka 12? Zaonekana mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na chuoni, au pamoja tu? Mtoto anayetukutika mbele ya mwalimu mmoja tu huenda ana shida nyingine. Labda hasikii vyema, haoni ubao, au anaogopa bakora.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mahali pake. Kuna kifafa kisichomwangusha mtoto wala kumtoa povu. Huzubaa ghafla kwa sekunde chache, macho yamekodoka, ukimwita haitiki, kisha huendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Huweza kumrudia mara nyingi kwa siku, na mwalimu akadhani ni uvivu. Hapo ndipo mawimbi husema kweli, na dawa zipo. Jirani zetu wa Kilifi wanalijua hili, kwani watafiti wa KEMRI wamekichunguza kifafa huko kwa miaka mingi, na kipimo hiki ni miongoni mwa zana zao.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kutoa fedha zako, chukua daftari. Kwa wiki mbili andika mtoto alifanya nini, wapi, saa ngapi. Muulize ustadhi na mwalimu. Nenda na daftari hilo zahanati iliyo karibu, upewe barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani iwapo haja ipo. Daktari akiagiza kipimo, mwoshe mtoto nywele, usimpake mafuta, na umfumue misuko. Ikiwa ni binti wa kujisitiri, omba ahudumiwe na mwanamke.

Na dua usiiache. Kumwombea mtoto na kumtafutia tiba ni mambo mawili yaendayo pamoja. Kumpiga kwa jambo asiloliweza hakumo katika mawili hayo.