Nani Alitangulia Kupasha Hewa ya Tanuri?

Hataza, yaani haki inayompa mvumbuzi mamlaka ya pekee juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu, hutolewa kwa kitu kipya tu, na ndiyo maana migogoro mingi ya hataza huishia kwenye swali la nani alitangulia na ana ushahidi gani. Wilaya ya Biharamulo, Tanzania, haitajwi katika vitabu vya sheria hiyo, lakini mkoa wake wa Kagera unatoa mfano ambao wanasheria wangestahili kuufahamu.

Mwaka 1828 James Beaumont Neilson wa Glasgow alipata hataza ya kupasha moto hewa kabla ya kuipuliza katika tanuri la kuyeyushia chuma, njia iliyopunguza sana matumizi ya makaa, na mwaka 1843 aliwashinda mahakamani akina Baird, wenye viwanda vya chuma waliokuwa wameitumia bila kumlipa. Miaka 150 baada ya hataza hiyo, katika jarida la Science la 1978, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba wahunzi wa Buhaya, katika Kagera ya leo, walikwisha kupasha hewa ya matanuri yao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Baadaye Schmidt aliwachunguza pia Warongo, wayeyushaji wa chuma wa Biharamulo na Geita.

Shahidi mkuu wa Schmidt na Avery ni kipande cha mrija wa udongo uliopitisha upepo wa mivukuto. Mavi ya chuma yakiwa yamegandia upande wake wa nje, na udongo wenyewe ukiwa umeiva kwa sehemu ndefu, mtafiti hukata shauri kwamba mrija uliingizwa ndani ya tanuri, hivyo hewa ilipata joto humo njiani. Mwanaakiolojia David Killick alilipinga dai la hewa ya moto mwaka 1996, kwa kuwa mrija kuingia ndani ni jambo moja, na hewa kupata joto la kutosha kubadili uyeyushaji ni jambo jingine. Pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, dai lenyewe, hata likiwa kweli, lisingemdhuru Neilson, kwani sheria ya Uingereza ya wakati ule iliuliza kama jambo lilikuwa jipya ndani ya ufalme tu.

Sheria za nchi hutofautiana pia juu ya nani ahesabiwe wa kwanza: Marekani ilimpa haki aliyevumbua kwanza hadi Machi 2013, ilipohamia kwa aliyewasilisha ombi kwanza. Sheria ya Hataza ya Tanzania ya 1987 inafuata kanuni hiyo ya pili, kwamba watu wawili wakivumbua kitu kilekile kila mmoja kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuomba. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea wa Ngara au Biharamulo aliyebuni mashine ya kukamulia juisi ya ndizi anaweza kutumia mchoro wenye tarehe na saini ya shahidi kuthibitisha kwamba wazo lake limeibwa. Dhidi ya mtu aliyebuni kwa akili yake mwenyewe, kinachohesabiwa ni tarehe ambayo ombi lilipokelewa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni wa Tanzania, au ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lenye makao yake Harare.